Nani Apite Mlangoni: Maktaba na Wakutubi wa Afrika Mashariki

Juni 1931 lilifunguliwa Nairobi jumba la vitabu ambalo mgeni akilipita leo katika barabara ya Banda hulidhani mahakama ya zamani. Lina nguzo nene za mawe, ngazi pana, na simba wawili wa sanamu mlangoni. Bibi Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyehamia Kenya, akapewa cheo na mfalme wa Uingereza na kukalia kiti katika baraza la kutunga sheria la koloni. Alikuwa mtu wa mwili hasa. Inasimuliwa kwamba alipofariki mwaka 1925, waliopandisha jeneza lake mlima Ol Donyo Sabuk walishindwa kufika kileleni, wakamzika mlimani kati. Shirika la Carnegie la New York nalo lilichangia maktaba hiyo, na mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe, jambo ambalo majengo machache sana ya Kenya yamewahi kulipata.

Kilichokosekana ni ruhusa ya Mwafrika au Mhindi kuingia. Msikiti wa Jamia uko hatua chache tu kutoka hapo, na waumini wake walipita mbele ya simba wale kwa zaidi ya miaka ishirini bila haki ya kupanda ngazi. Ubaguzi huo ulilegezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha baraza la jiji likalichukua jumba zima.

Naanza na McMillan kwa makusudi. Historia ya maktaba kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu majengo na vitabu, na kwa hesabu hiyo McMillan ni jambo la kujivunia. Kwangu mimi kipimo chenye uzito ni mlango: nani alipita, kwa masharti gani, na yule aliyekaa mezani alilipwa afanye nini. Katika miaka mia moja na ushee mkutubi wetu amekuwa bawabu, amekuwa mchukuzi, amekuwa mwalimu, na siku hizi ni mwenyeji wa watu ambao wengi wao hawavitaki vitabu vyake.

Pwani ilikuwa na vitabu muda mrefu kabla ya kuwa na majengo ya kuvitunzia. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu waliopamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi iliyosafiri kutoka Ulaya. Vitabu vya fikihi, nahau na maulidi vilikaa majumbani mwa masharifu na makadhi, masandukuni na katika zidaka za kuta. Aliyetaka kusoma alimfuata mwenye kitabu, akaketi mbele yake, akasikiliza, na akijaliwa akanakili. Kwa hiyo aliyeamua nani asome alikuwa mwalimu mwenyewe, na mwalimu alikuwa na ukoo wake, heshima yake na watu aliowaona hawastahili.

Njia ya kukitoa kitabu mikononi mwa ukoo ilikuwa wakfu. Mwenyewe aliandika mwanzoni mwa kitabu kwamba amekiweka wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, na tangu siku hiyo hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Ukikaa ukafikiri, hiyo ni sheria kamili ya maktaba ya umma, tena fupi kuliko zote zilizokuja baadaye. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliostawi chini ya Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, ulijikusanyia vitabu kwa njia hiyo, na Habib alijulikana kwa kuwafundisha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakupenda kuwaona darasani, wakiwemo wazao wa watumwa. Miswada ya Riyadha, zaidi ya mia moja, imepigwa picha katika miaka ya karibuni kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Sasa mtu aliyeko Muscat au Bergen anaweza kuifungua kwenye simu yake. Sijui walioyaandika maneno ya wakfu wangesemaje juu ya mwanafunzi wa namna hiyo, lakini sharti lao halijavunjwa.

Mijini kila jamii ilijijengea chake. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903, pamoja na chumba cha kusomea bila malipo, karibu miaka thelathini kabla ya simba wa McMillan kuwekwa mahali pao. Wahindi wa Nairobi, waliofungiwa nje ya jumba la Banda, walifungua maktaba ya Desai mwaka 1942 kwa jina la Manilal Ambalal Desai, mwanasiasa aliyepigania haki zao. Mwafrika wa kawaida, hasa wa bara, alibaki na kabati la misheni, na hapo alichokipata kilitegemea padri aliyeshika ufunguo.

Mabadiliko yalianza na sanduku. Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, chini ya Charles Richards, lichapishe vitabu kwa lugha za watu na kuhakikisha vinawafikia. Shirika halikuwa na majengo ya kutosha, likaamua kusafirisha. Vitabu vilipakiwa katika masanduku, yakapelekwa kwenye kumbi za maendeleo, shule na vituo vya wilayani, yakakaa huko kwa muda, yakabadilishwa na mengine. Msomaji aliye mbali zaidi aliweza kuazima kwa posta. Karani wa masanduku hakukaa kulinda rafu. Kazi yake ilikuwa kufunga, kuandika anwani, kufuatilia lori, kufungua sanduku lililorudi na kuhesabu kilichopotea. Naamini huyu ndiye babu halisi wa mkutubi wa Afrika Mashariki, kuliko yule Mzungu wa McMillan aliyekuwa na meza ya mbao nzito.

Karibu na uhuru mtaalamu Mwingereza, Sidney Hockey, alipewa kazi ya kuzunguka nchi hizi na kupendekeza mfumo wa kudumu. Ripoti yake ya mwaka 1960 ilisema kila nchi iwe na bodi moja ya kitaifa inayosimamia maktaba zote za umma, kwa kuwa halmashauri ndogo zisingemudu. Serikali mpya zilimsikiliza. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Makerere ikaanzisha chuo cha wakutubi cha Afrika Mashariki, na kwa mara ya kwanza kijana wa hapa aliweza kusomea kazi hiyo bila kupanda meli.

Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, na serikali ilitaka kitabu kiwe chombo cha kazi kama jembe. Wakati huo theluthi mbili hivi ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Maktaba Kuu ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa mjini, na mpango mkubwa ulikuwa wa vijijini.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisomo kikaenea kila mahali, chini ya miembe, katika madarasa ya shule za msingi jioni, kwenye ofisi za chama. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu milioni mbili hivi katika vikundi vya kusikiliza na kusoma pamoja, wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilisema asiyejua kusoma ni chini ya mmoja katika kila kumi.

Hapo likazuka swali ambalo wapangaji wengi hulisahau: mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini atasoma nini kesho yake? Asiposoma, baada ya misimu miwili ya mvua atakuwa amesahau. Jibu lilikuwa magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho lililotolewa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1974, na maktaba za vijiji. Maktaba ya kijiji mara nyingi ilikuwa kabati. Kabati lenyewe lilikaa katika darasa au ofisi, na ndani yake mlikuwa na vitabu vya kisomo, vya kilimo bora cha pamba na mahindi, vya malezi ya mtoto, vya siasa, na hadithi chache zilizochakaa kuliko vyote kwa sababu ndizo zilizosomwa. Mtunzaji alikuwa mwanakijiji mwenzao, kijana aliyemaliza darasa la saba au mwalimu wa kisomo, aliyepewa mafunzo mafupi na daftari la kuandika nani kachukua nini. Alimjua kila msomaji. Alijua mama yupi hawezi kufika kabla ya jua kuzama, na mzee yupi huchukua kitabu ili asomewe na mjukuu.

Kitaalamu maktaba hizi zilikuwa duni. Katalogi hazikuwepo, na bodi ilishindwa kuzikagua. Hata hivyo sioni kipindi kingine katika historia yetu ambapo kitabu kilikaribia mlango wa nyumba ya mkulima kiasi hicho. Zilikufa kwa jambo dogo sana: vitabu havikubadilishwa. Kabati lenye vitabu sitini husomwa kikamilifu na wenye hamu katika mwaka mmoja, na baada ya hapo ni samani. Fedha za kigeni zilipokauka, karatasi ikawa adimu, mafuta ya magari ya maktaba yakapanda bei, na miaka ya 1980 ikayakuta makabati mengi yamefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake haukujulikana uko kwa nani.

Mijini wakutubi waliosomea kazi walikuwa na shida ya namna nyingine, na hii inafaa kuangaliwa kwa karibu. Chukua riwaya ya Kiswahili kutoka rafu ya maktaba yoyote ya umma na utazame mgongo wake. Utaona kibandiko kidogo chenye namba 896.392, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Namba hiyo inatoka katika mfumo aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Nane ni fasihi. Waingereza wana 820 yao nzima, Wafaransa 840, Wahispania 860. Lugha za Afrika zimewekwa 896, Kibantu hupata tarakimu nyingine baada ya nukta, na Kiswahili tarakimu moja zaidi. Ndiyo maana kitabu cha Shakespeare kina namba fupi inayosomeka kutoka mbali, na cha Shaaban Robert kina namba ndefu inayojikunja kwenye kibandiko. Dini ni hivyohivyo. Biblia na Ukristo zimetengewa kuanzia 220 hadi 280 na kitu, na Uislamu wote, yaani tafsiri, hadithi, fikihi na tarehe, umebanwa katika 297. Mkutubi wa Lamu au Unguja anayefuata mfumo huo bila kuugusa hujikuta na rafu moja iliyofurika na nyingine saba zilizo tupu.

Wengi waliugusa. Walitenga rafu ya Kiswahili peke yake karibu na mlango, wakaweka nukta na herufi za kwao, wakafunga macho mkaguzi alipopita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda mbali zaidi kwa kutenga sehemu nzima ya Afrika Mashariki, yenye vitabu, magazeti na nyaraka ambazo hazitoki nje. Humo imo kazi ya J. W. T. Allen, aliyezunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kurekodi kanda za sauti, kwa kuwa utenzi ni kitu cha kusikilizwa kabla ya kuwa kitu cha kusomwa. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Mkutubi aliyepokea kanda zile alipaswa kuzipa namba, kuzilinda na joto la Dar es Salaam, na kumtafutia msomaji mashine ya kuzisikiliza. Hakuna aliyekuwa amemfundisha hayo chuoni.

Kisha ikaja zama ya vitabu vya msaada. Miaka ya 1980 na 1990 maktaba nyingi za umma ziliishi kwa makontena kutoka Uingereza na Marekani. Sitaki kuwa mkosefu wa shukrani. Wako madaktari waliofaulu mitihani kwa vitabu vile. Lakini mkutubi aliyefungua maboksi alijua kwamba nusu ya yaliyomo yalikuwa ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, riwaya za mapenzi na hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Kuyatupa ilikuwa aibu, na kuyaweka rafuni kulifanya maktaba ionekane imejaa, hivyo serikali haikuona haja ya kutoa fungu la kununua. Tanzania ilipata ahueni mwaka 1991 ulipoanzishwa mradi wa vitabu vya watoto uliowalipa waandishi na wachapishaji wa hapa, na mashirika ya misaada baadaye yakaanza kununua vitabu vilivyotoka Afrika yenyewe. Bagamoyo nako, tangu mwaka 1989, kuna chuo kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka, kwa hiyo wakutubi wa ngazi ya kati hawakukosekana tena. Vilivyokosekana ni vitabu.

Uchukuzi haukufa. Oktoba 1996, Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia Garissa, baadaye Wajir. Msafara mmoja ulikuwa na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, vinavyokaribia mia mbili kila sanduku, na wengine walibeba hema, mikeka na vifaa. Picha zake zilizunguka dunia na watalii wakazipenda, lakini sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: gari hukwama mchangani na hula mafuta, ngamia hali mafuta, na wasomaji wenyewe ni wafugaji wanaohama. Ni sanduku lile la mwaka 1948, limebadili mgongo wa kulibeba. Uganda mwaka 2003 ikajaribu kinyume chake, gari lenye dishi la setilaiti, printa na mashine ya kujalidi, lililofika kijijini na kuchapa kitabu palepale mtoto akitazama. Watoto walifurahi. Wino, karatasi na vipuri vilikuwa ghali, na ngamia akaishi muda mrefu kuliko gari.

Ingia sasa katika maktaba ya mkoa wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Viti vimejaa tangu saa mbili asubuhi, wengine wamekaa sakafuni karibu na soketi, simu zimechomekwa. Kila mmoja ana daftari lake, notsi zake, mitihani iliyopita ya kutoa nakala. Wanapiga msuli. Rafu zimesimama nyuma yao na hakuna anayezigusa. Wakutubi wamelalamikia jambo hili kwa miongo: wasomaji hawaji kusoma vitabu vya maktaba, wanakuja kutumia meza. Katika vikao huitwa tatizo.

Mimi silioni hivyo. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haina meza, haina taa ya kutosha, haina saa moja ya kimya. Maktaba ndiyo mahali pekee mjini ambapo kijana anaweza kukaa siku nzima bila kuulizwa atakunywa soda gani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa maktaba yake mpya iliyojengwa na China, Novemba 2018, takwimu mbili zilitajwa pamoja: nafasi ya vitabu 800,000 na nafasi ya watu 2,100 kukaa kwa wakati mmoja. Ukiuliza wanafunzi, ni ya pili iliyowagusa. Lakini kazi ya mkutubi bado hupimwa kwa vitabu vilivyoazimwa. Aliyemsaidia binti kujaza fomu ya mkopo wa chuo mtandaoni, akamwelekeza mzee namna ya kupata cheti cha kuzaliwa, akamnyamazisha mtu anayezungumza na simu, jioni huandika katika taarifa kwamba vimetoka vitabu vinne.

Nairobi, historia ya mlango wa McMillan imepata ukurasa mpya. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakaingia ubia na serikali ya kaunti kuikarabati maktaba hiyo na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Walianza na matawi. Nadhani walifanya vema, kwa sababu watoto wa Kaloleni wanaishi ng'ambo ya ukuta, wakati jumba la simba linahitaji fedha nyingi na subira. Matawi yalirudi yakiwa na rangi, vitabu vya waandishi wa Afrika, na vipindi vya muziki na hadithi. McMillan yenyewe ina hazina ya magazeti ya koloni yanayoanzia mwanzo wa karne ya 20, na kuyageuza kuwa ya kidijitali ni kazi ya kuokota kila ukurasa kwa mkono kabla haujavunjika.

Fedha za kuendeleza haya zinatoka wapi ni suala la katiba. Hockey alitaka bodi moja ya taifa. Kenya ilikwenda upande mwingine. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi maktaba kwa kaunti, na ukisoma Jedwali la Nne utaziona zimewekwa katika fungu moja na kamari, kasino, mbio za farasi, leseni za pombe, sinema, makumbusho na bustani. Waliopanga orodha hiyo pengine waliwaza tu juu ya mambo ya burudani ya umma. Lakini bajeti inapofika mezani, leseni za pombe na kamari huiletea kaunti fedha, na maktaba huja kuomba. Mkutubi wa kaunti leo hutumia sehemu kubwa ya mwaka akiandika maombi ya fedha, akiwatafuta wawakilishi wa wadi kwa simu, akiwaeleza kwa nini jengo ambalo rafu zake hazipungui vitabu linahitaji viti mia moja zaidi.